Tuliokulia machimbo ya dhahabu Geita, tupeane uzoefu

Mzawa wa Mgusu: Wakuu, jana nimefika nyumbani nikakuta karai la marehemu mama, lile la dhahabu, wananyweshea kuku. Hilo karai ndilo lililonilipia ada, enzi hizo Geita bado ni wilaya ya Mwanza. Mliokulia machimboni semeni yenu, ila zile za "jamaa aliamka tajiri" tumeshazisikia za kutosha.

Dada Mbale: Sisi tulitwanga mbale, yale mawe yenye dhahabu, kwa kinu cha chuma, makarasha (mashine za kusaga mawe) yalikuwa ya kuhesabu. Ukimaliza kuchekecha, uso mweupe kama umepakwa unga. Tunaosha kwenye mwalo, ule mteremko wa kupitishia maji, uliotandikwa magunia, halafu kinachobaki kinaingia kwenye karai na zebaki. Tulikoroga kwa mikono mitupu! Zebaki inashika dhahabu, unakamua kwa kitambaa, unabaki na kidonge cheupe. Kidonge hicho tulikichoma jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali. Moshi unaopaa pale ndiyo zebaki yenyewe, sisi tukijua ni moshi tu. Mdogo wangu alipenda kulala karibu na jiko, eti kuna joto.

Nyundo na Moko: Miezi sita duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, mgao wangu mifuko minne ya mawe. Kupeleka karasha, dhahabu pointi mbili, kipimo kidogo kabisa. Deni la mama ntilie lilikuwa kubwa kuliko hizo pointi, nikatoroka usiku. Mama, kama unasoma humu, nakuja kulipa.

Mjukuu wa Kambini: Babu alifanya kazi mgodi wa zamani, ule wa wakoloni wa miaka ya 1930. Ulipofungwa 1966 hakukubali kwamba umekwisha. Kila msimu wa pamba alilima nusu shamba, akiitwa kazini nani atavuna? Bibi aligombana naye kwa hilo mpaka wakazeeka. Mgodi mkubwa wa sasa unaanza 2000, babu keshazikwa.

Mzawa wa Mgusu: Dada Mbale, hata mama alichomea jikoni. Marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha, akawa anarundika nyuma ya nyumba, tukayapanda tukicheza kombolela. Mwaka juzi watu wa plenti, mitambo ya kuchenjulia marudio, wakaja kuyanunua, wanayaloweka kwa sainaidi wapate tulichokiacha. Hela yake ndiyo bati ya nyumba yetu pale.

Nyundo na Moko: Lori la marudio mliuza bei gani mkuu?