Rotary Connection: bendi kweli au mradi wa tajiri?

Mzee wa Santuri: Wakuu, kuna mdau kadai Rotary Connection ya Chicago haikuwa bendi, ilikuwa biashara ya Marshall Chess. Napinga. Marshall, mtoto wa mmoja wa wenye kampuni ya rekodi ya Chess Records, ndiye aliyewakusanya, sawa. Lakini walitoa albamu sita hadi 1971, weusi kwa weupe, soul imechanganywa na fidla, kwaya na magitaa ya umeme. Nyimbo za Rolling Stones waliziimba taratibu kama wako kanisani. Hiyo siyo biashara.

Kibo77: Mdau mwenyewe ni mimi. Bendi huanza na washikaji, haianzii ofisini kwa baba. Magitaa walipiga kina Phil Upchurch na Pete Cosey, watu wa studio. Hata mwimbaji wao Minnie Riperton alikuwa dada wa mapokezi tu pale Chess. Bendi iko wapi?

Binti Makorora: Kibo, futa kauli. Mama yangu amekaa mapokezi miaka na miaka, ndiyo kazi iliyonisomesha. Halafu Minnie kabla ya hapo aliimba na kundi la The Gems, wakirekodi humo humo Chess na kumuitikia mwimbaji Fontella Bass. Unamuita dada wa mapokezi kwa lipi?

Kibo77: Sijamtukana mtu, dada. Nimetaja kazi yake.

Chaz wa Ilala: Mimi ile sauti yake ya juu kama filimbi inaniumiza kichwa. Na si alikufa kwa unga kama wenzake wa enzi zile?

Binti Makorora: Chaz, muogope Mungu! Ni saratani ya matiti, Julai 1979, akiwa na miaka 31. Aliutangaza ugonjwa wake hadharani wakati wanawake wengi wanauficha, akazunguka kuwahamasisha wenzake wapime. Usimzulie marehemu.

Chaz wa Ilala: Nilisikia hivyo mahali. Poleni. Ila sauti bado siipendi.

Mzee wa Santuri: Wanangu, turudi kwenye hoja. Mnamsahau Charles Stepney, aliyepanga ule muziki. Sikilizeni albamu ya mwisho, ya 1971, kuna wimbo humo: gitaa linaanza peke yake, piano inaingia, kisha kwaya inapanda ngazi kwa ngazi mpaka nywele zinasimama. Mtu huyo huyo baadaye akasaidia kulijenga kundi la Earth, Wind & Fire, akafariki 1976 akiwa na miaka 45. Leo ukimtaja, vijana wanauliza ni nani!

Kibo77: Shikamoo mzee. Sasa kama kila kitu ni Stepney, umenisaidia kuthibitisha: kundi la mtu mmoja.

Mzee wa Santuri: Marahaba. Stepney hakuimba, mwanangu. Aliwaandikia wale waimbaji kwa sauti walizokuwa nazo. Umewahi kuisikia hiyo albamu yote, au unasoma tu?

Kibo77: Nimesikia nyimbo mbili tatu.

Binti Makorora: Mbili tatu, na uzi mzima umetuchosha! Nasubiri umtake radhi mama yangu.