Chakula cha mchana katika shule za kutwa vijijini

Mzazi, Kondoa: Ndugu zangu, tangu elimu bila malipo ianze Tanzania mwaka 2016, wazazi wengi kijijini kwetu huamini kuwa kuchangia mahindi si wajibu wao tena, ilhali watoto wanaotoka vitongoji vya mbali husinzia darasani kwa njaa. Tufanyeje?

Mwalimu mstaafu: Ndugu mzazi, Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 unawaachia wazazi chakula cha wanafunzi wa kutwa; kwa hiyo lipelekeni suala hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji mara baada ya mavuno, wala msisubiri Februari, ghala zikiwa tupu.

Mjumbe wa kamati ya shule: Kwetu asiye na mahindi huleta kuni. Naomba sana, mtoto asinyimwe uji kwa sababu mzazi wake hajachangia.