Boneti imedonolewa na kokoto: nazibaje vidonda vya rangi mwenyewe nyumbani?

Kigongo_Busisi
Wakuu, habari za leo. Gari ni Toyota Premio ya rangi ya fedha, kila wiki inapita Usagara kwenda Busisi nyuma ya malori ya mchanga na kokoto. Boneti ina vidonda kama 12, kikubwa ni sawa na punje ya mchele, na vingi vimerundikana ukingoni juu ya grili. Vingine vinaonyesha kijivu. Vinne vimefika kwenye bati, na viwili kati ya hivyo vimeshashika kutu. Bampa nalo lina vidoa vyeusi. Kupuliza boneti nzima sitaki, rangi ya kiwandani bado nzuri. Ninayo misasa ya maji namba 1000 na 2000, thina ya kawaida na brashi ndogo. Nianzie wapi, na klia (ile rangi angavu ya juu kabisa) ya kawaida inatosha au lazima ile ya hadina, yaani ya kuchanganywa na dawa ya kuigandisha?

FundiRangi Nyakato
Mkuu, anza na hivyo vinne vya bati, na wiki hii isipite hujavigusa. Kijivu unachokiona ni praima, yaani rangi ya msingi inayoshika bati, bado inalinda, vinaweza kusubiri. Kutu haikai pale inapoonekana tu. Inatambaa chini ya rangi ya pembeni, na baada ya msimu mmoja wa mvua rangi inavimba kama lengelenge. Hapo kidonda cha punje ya mchele kinakuwa kikubwa kama sarafu ya shilingi mia.

Osha boneti kwa maji na sabuni, kausha, kisha futa kila kidonda kwa spiriti. Petroli usiiguse kwa kazi hii, inaacha utando wa mafuta. Na kama boneti imewahi kupakwa polishi yenye silikoni, futa mara mbili au tatu kwa kitambaa kipya kila mara, la sivyo rangi itakimbia na kuacha vitundu vya mviringo, yale tunayoita macho ya samaki.

Sasa kutu. Chukua msasa namba 400, utoboe kwa mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi, upate viduara vidogo. Gundisha kimoja kwenye kitako cha penseli, weka juu ya kidonda, zungusha penseli kwa vidole. Unasugua kidonda peke yake, rangi nzima ya pembeni haiguswi. Endelea mpaka bati ling'ae. Vikibaki vidoti vyeusi kwenye vishimo, weka tone la dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, futa kwa maji, kausha kabisa. Ukingo wa rangi unaobanduka kwa ukucha uondoe kwa ncha ya wembe. Ukiuacha, utabanduka pamoja na kazi yako mpya.

Kwenye bati tupu tanguliza praima. Chovya kijiti cha meno, gusa katikati ya kidonda, tone litatambaa lenyewe hadi ukingoni. Ikauke saa moja. Kama ni epoksi yenye hadina, iache ilale usiku.

Rangi inafuata kwa njia hiyohiyo: tone jembamba mara 2 au 3, kila moja likauke dakika 20 hadi 30. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati hadi klia, ni takribani mikroni 100 hadi 130, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana tone moja nene linaharibu: juu linaganda, ndani thina imenaswa, baada ya siku chache linasinyaa na kupasuka. Rangi iishie chini kidogo ya usawa wa boneti, klia ndiyo ijaze.

Mchanganyaji_Mwz
Nyongeza kuhusu rangi yenyewe. Fungua boneti, tafuta kibati kwenye ukuta kati ya injini na abiria, soma mstari wa C/TR au COLOR. Namba ya kwanza ndiyo ya rangi, mfano 1F7 kwa fedha. Usinunue kwa kuambiwa tu "silva ya Toyota". Vidonda 12 havimalizi hata mililita 5, kwa hiyo omba kipimo kidogo kabisa wanachokubali kuchanganya.

Fedha ina chembe za aluminiamu zinazozama chini ya chupa. Tikisa dakika mbili nzima, na tena kabla ya kila mkupuo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati, pitisha klia juu, ndipo ulinganishe juani na kivulini, kwa sababu bila klia fedha inadanganya. Tena nikwambie ukweli: tone la kijiti halilazi chembe kama bunduki ya kupulizia inavyozilaza. Ukiwa karibu utaona kidoti kimekoza, hatua mbili nyuma hukioni.

Capripoint
Klia ya kawaida inatosha kwa vidonda vidogo, ila petroli ikiimwagikia inalainika. Ya hadina ni ngumu zaidi. Kama kopo linasema 2 kwa 1, pima kwa mabomba ya sindano mawili: mililita 2 za klia, 1 ya hadina. Ukizidisha hadina, klia haikauki haraka zaidi, inabaki na kasoro. Vaa glovu, fanyia nje. Kuipuliza nyumbani hapana kabisa, hadina ina isosianeti, kemikali yenye madhara kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii.

Huku kwetu ziwani chagua saa. Asubuhi kuna umande, na thina inapokauka inapoza bati, unyevu unaganda juu ya klia na kuipa weupe kama maziwa. Fanya kati ya saa nne na saa nane, kivulini, boneti isiwe ya moto. Jioni wale wadudu wa ziwani wakipanda wanajibandika wote kwenye klia mbichi.

Kigongo_Busisi
Nimewaelewa wakuu, asanteni. Na bampa? Halafu kinundu cha klia nakisawazishaje?

FundiRangi Nyakato
Bampa ni plastiki, haina kutu. Tanguliza praima ya plastiki, ile ya bati haishiki hapo.

Kinundu kisubiri wiki. Zungushia tepu ya karatasi, kata kifutio cha penseli, kizungushie msasa 2000, chovya kwenye maji ya sabuni, piga taratibu. Angalia tope lake: likiwa jeupe, unasugua klia. Likigeuka kijivu cha fedha, umeshapita, acha hapohapo. Ule 1000 uweke pembeni. Vya ukingoni juu ya grili usivisugue hata kidogo, pale klia ni nyembamba, kinundu kibaki. Malizia na kampaundi ya kung'arishia kwa mkono, na nta isipite kabla ya mwezi.