Waliomaliza majira ya baridi ndani ya boti na marafiki, siku za mwisho zilikuwaje? Tupeane uzoefu

Ngamani
Wakuu, salaam. Leo nimepanga kabati nikakuta sweta moja huko chini, nikalinusa. Dizeli. Miaka minne imepita, limefuliwa sijui mara ngapi, bado ni dizeli na ukungu. Nikajikuta nimekaa kitandani sweta mkononi kama mjinga.

Tulikuwa watano kwenye boti ya mita 12, tumefunga gatini tangu Novemba hadi mwisho wa Machi. Miezi yote ile kila mtu ndugu. Wiki ya mwisho ndiyo sijaielewa mpaka leo. Watu wakaanza kukunja vitu vyao kimya kimya usiku, kama wezi. Hakuna aliyetaka kununua sabuni mpya ya vyombo kwa sababu "tunaondoka Jumamosi", tukaoshea maji matupu siku sita. Na lile jasho la dari, waliokaa wanalijua: pumzi za watu watano zinapanda, zinakutana na chuma baridi, zinarudi tone tone usoni mwako. Usiku wa mwisho tone likashuka, nikahamisha kichwa bila hata kufungua macho. Ndipo nikajua nimeshakuwa mwenyeji, na asubuhi naondoka.

Sitaki hadithi za safari ya saa mbili na picha. Nataka waliolala humo, wakagombana humo, halafu wakaagana. Karibuni.

Mpiga Dapra
Sabuni! Sisi ilikuwa karatasi za chooni. Naishia hapo.

Binti Tezi
Ngamani umenichokoza. Mimi ndiye niliyeshika mfuko wa pamoja, na sitarudia tena maishani.

Siku tatu kabla ya kushuka tukakaa kupiga hesabu. Chakula kikaenda vizuri. Tulipofika kwenye dizeli ya hita, rafiki yetu mmoja akasema yeye zile wiki mbili za Januari alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo hachangii. Mwingine akamjibu kwamba hita haikuzimwa. Basi. Saa tatu nzima kwa penseli na tochi, watu waliojuana miaka tisa, wanakatana jicho kwa ajili ya nusu dumu.

Balaa ni kwamba hao wawili walikuwa wanalala chumba cha omo, kule mbele ya boti. Mnakijua kile chumba: vitanda viwili vimekaa kama herufi V, kwa kichwa mko mbali, kwa miguu mmekutana. Watu hawasemeshani, lakini usiku kucha nyayo zinagusana, maana pa kuzipeleka hapapo. Siku ya pili asubuhi mmoja akasema, "Una miguu ya baridi." Hayo ndiyo maneno pekee waliyopeana hadi tunashuka.

Wa penseli ni mimi. Ile tofauti nililipa mwenyewe na sikumwambia mtu.

Kaskazi Moja
Asiyekuwepo halipi. Hapo hakuna hata mjadala.

Mpiga Dapra
Hita inawaka ili mabomba yasigande na boti isiote ukungu. Na nguo zake zilikuwa humo ndani zinakula joto. Alipe.

Kaskazi Moja
Kwa hiyo nguo nazo zinasikia baridi? Basi ziitwe kwenye kikao zichangie zenyewe.

Binti Tezi
Mnaona sasa? Ilikuwa hivi hivi. Saa tatu.

Fundi Pampu
Mimi nakuja upande mwingine. Siku ya mwisho watu wanakumbatiana, na boti inaharibika papo hapo. Kila mtu ana haraka, kila mtu anadhani mwenzake ameshafanya.

Kwetu mwenye boti alikuwa anaiacha wiki sita bila mtu, na baridi ilikuwa bado ipo. Nikauliza, maji yametolewa? Nikajibiwa na watu wanne kwa pamoja: "Yametolewa." Kumbe yalitolewa ya tangi tu. Kwenye pampu na kwenye ule mkunjo wa bomba chini ya sinki yalibaki. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, na plastiki haina subira. Waliporudi wakakuta pampu imepasuka kama yai. Upande wa injini ndiyo usiseme, kuna mtu alikuwa ametuhakikishia kwamba yale yanayopoza injini ni maji ya chumvi, hayagandi, dawa ya kuzuia kuganda ya nini.

Mzee wa Joshi
Kijana, maji ya chumvi hayagandi. Nipo baharini miaka 30 sijaona.

Fundi Pampu
Mzee wangu, shikamoo kwanza. Maji ya bahari ya kawaida huganda yakifika nyuzi -1.8 hivi. Chumvi ikipungua yanawahi zaidi, ndiyo maana Baltiki kule juu kaskazini hugeuka barafu kila mwaka na meli za kuvunja barafu zinapata kazi. Sasa maji yaliyokaa kwenye bomba jembamba la injini, boti imezimwa, hewa nyuzi -10 usiku, yatajitetea vipi?

Mzee wa Joshi
Marahaba. Nimesema mimi sijaona, sikusema haipo.

Ngamani
😂 Mzee ametoka kwa heshima. Na tangi la dizeli je, mnaliacha tupu au limejaa?

Fundi Pampu
Limejaa. Likiwa na nafasi, hewa ya ndani inatoa jasho, maji yanakaa chini ya dizeli na vijidudu vinazaliana humo.

Kaskazi Moja
Tupu. Ukiliacha limejaa kuna mtu atakuja kulinyonya.

Mpiga Dapra
Nusu, ili mpate cha kugombania kwenye hesabu.

Sigara Moja
Nimesoma kimya tangu juu. Hii sijawahi kuiandika mahali popote.

Tulikuwa wanne, umebaki usiku wa leo na wa kesho. Dizeli ya hita ilikuwa imeisha asubuhi ile na, kama alivyosema mleta uzi kuhusu sabuni, hakuna aliyetaka kununua dumu zima kwa ajili ya usiku mbili. Umeme wa gatini nao kila tukichomeka hita ndogo unajikata, gati zima wamechomeka. Mmoja wetu akapata wazo. Kulikuwa na jiko dogo la mkaa la kuchomea nyama ambalo tangu vuli lilikaa sitahani, juu ya boti. Akaliwasha nje, akasubiri mpaka makaa yakawa mekundu safi, hayana moshi hata kidogo, akalishusha ndani. Sote tulimsifu. Mimi nilimsifu kuliko wote.

Matundu ya hewa tulikuwa tumeyaziba kwa soksi na taulo tangu Desemba. Hata hatukukumbuka kwamba yapo.

Tukacheza karata. Joto la kupendeza, la kwanza tangu asubuhi. Kichwa kikaanza kuniuma, nikasema ni kucheka. Dada mmoja tuliyekuwa naye, ambaye kwa kawaida karata hapotezi, akaanza kuweka karata zisizofanana kabisa na tukawa tunamcheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba tulimcheka.

Nikatoka kuvuta sigara, maana ndani ilikuwa marufuku. Kupanda ngazi, miguu si yangu. Nilipofika gatini nikatapika. Nikakaa chini kwenye barafu, nikasema labda ni ile supu. Nikavuta hewa. Baada ya dakika tano, kumi, kichwa kikaanza kupoa. Nikashuka kurudi, hatua ya pili tu ya ngazi kikaanza tena. Hapo ndipo akili ilipofunguka: nje nafuu, ndani naumwa. Nikaangalia, mmoja amelala juu ya meza, karata mkononi. Mwingine anatabasamu, nikamwita jina, ananiangalia tu, hajibu.

Nililibeba lile jiko kwa mikono, kovu ninalo, nikalirusha majini. Likapiga kelele kama paka. Nikafungua kila kinachofunguka. Halafu kumtoa yule dada. Mtu mzima asiyejiweza, ngazi tano zilizosimama wima, mlango mwembamba. Nilimvuta kwa sweta. Nikaanza kupiga kelele, na aliyetoka ni jirani wa boti ya pili, ambaye msimu mzima tuligombana naye kwa makelele yetu. Alikuja na chupi ndefu na viatu vya mpira. Yeye ndiye aliyewatoa wengine wawili na kupiga simu.

Hospitali wakawekewa oksijeni. Daktari alituchorea: ile gesi, kaboni monoksaidi, inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Haina harufu, haina rangi. Na makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa kwa wingi.

Wote tupo hai. Ila yule dada, wiki ile nzima haimo kichwani mwake. Tulipoagana aliniuliza, "Hivi tulimalizaje?" Nikamwambia tulicheza karata, akashinda.

Binti Tezi
Nimekosa la kusema. Pole sana kaka.

Zamu ya Mwisho
Daah. Hapo kwenye karata.

Kaskazi Moja
Pole, ila nauliza bila ubaya, hamkuwa mmekunywa?

Sigara Moja
Chai, mkuu. Chupa iliisha Februari.

Mpiga Dapra
Wewe Kaskazi, kwanza nguo zichangie, sasa hili. Muache mtu.

Kaskazi Moja
Kuuliza kumekuwa kosa? Dalili zinafanana, hata hospitali wanaweza kuuliza. Acheni jazba.

Fundi Pampu
Hapo Kaskazi hajakosea sana. Kichwa, kichefuchefu, kulegea, ndiyo maana watu wanadhani ni ulevi au mafua. Alama kubwa ni aliyoitaja mwenyewe: ukitoka unapata nafuu, na mnaumwa wengi kwa mpigo. Nunueni kengele ya gesi hiyo. Ya moshi peke yake haisaidii.

Mzee wa Joshi
Na muifunge chini karibu na sakafu, gesi ni nzito.

Fundi Pampu
Mzee, nakuamkia tena. Nzito ni gesi ya kupikia, hiyo ndiyo inayoshuka ngamani, chini kabisa ya boti. Kaboni monoksaidi uzito wake unakaribia wa hewa, ni nyepesi kidogo hata, inachanganyika popote. Fuata maelekezo ya kengele yenyewe, na pale mnapolala pasikose.

Mzee wa Joshi
Haya. Leo nimeamkiwa sana.

Binti Tezi
Sisi kengele tulikuwa nayo. Ikawa inalia lia, mtu akatoa betri akaitia kwenye tochi. Ile ile tochi ya hesabu. Nimeketi hapa mikono inatetemeka.

Mpiga Dapra
Kumbe sigara inaokoa maisha.

Sigara Moja
Niliiacha mwaka huo huo. Jina tu ndilo limebaki.

Ngamani
Jamani, nashukuru, lakini uzi ulikuwa wa kuagana. Hakuna aliyeagana salama?

Mguu Mmoja Gatini
Salama nusu. Asubuhi ya kuondoka, rafiki yangu akasema lete begi lako nikushushie. Mbao za gati zilikuwa na ile barafu isiyoonekana. Mguu mmoja gatini, mwingine botini, boti ikasogea, akaingia katikati. Na begi langu.

Wale mnaojua ile kanuni ya 1-10-1 ya kuanguka kwenye maji baridi: dakika 1 ya kuhema ovyo, inabidi uitulize pumzi; dakika 10 za kuwa na mikono inayofanya kazi; saa 1 hivi kabla ya kuzimia. Sasa yeye zile dakika kumi anazitumia kushikilia begi! Namwambia liache, anasema "kompyuta yako!" Ngazi ya gati imeganda. Tulimpitishia kamba ya tanga kwapani tukamwinua kwa winchi, anatoka maji kama kikapu cha samaki, begi kifuani.

Kompyuta haikuwemo. Nilikuwa nimeivaa mgongoni. Sijamwambia.

Kaskazi Moja
😂😂 Mwambie bwana.

Binti Tezi
Usimwambie kamwe.

Zamu ya Mwisho
Ngamani, mimi nitakupa ya kuagana. Nilibaki mtu wa mwisho, siku mbili peke yangu, kumkabidhi mwenye boti funguo. Wenzangu watatu walishuka asubuhi moja na mizigo yao, teksi ikaja, hatukulia wala nini, mmoja aliniachia soksi zake mbichi kwenye kamba akasema zikikauka nitupe.

Nikarudi kukagua kamba. Msimu mzima nilikuwa nazikagua kila jioni, naujua mstari wa maji wa ile boti kama uso wangu. Nikaona ukanda wa majani ya kijani, wenye utelezi, umetoka juu ya maji, ambao sijawahi kuuona. Nikadhani maji yamepungua. Halafu nikaelewa. Boti ilikuwa imepanda upana wa kidole. Ni wao walikuwa wameshuka.

Nikalegeza kamba kidogo, nikaingia ndani. Dari ile siku haikudondoka hata tone.

Ngamani
Asante. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Kaskazi Moja
Kumbe mizigo ilikuwa na uzito. Haya, yule wa Januari alipe.