Yule mkuza picha kamziba bibi yangu mwanya!!!

Wakuu, nimetoka msibani sasa hivi natetemeka. Yule jamaa wa kukuza picha, msijifanye hamumjui, leo kanidhalilisha mbele ya ukoo mzima.

Leo arobaini ya bibi. Picha yake nzuri ni moja tu, ya WhatsApp, pikseli 1280 kwa 960, nikataka A2 ya fremu. Kasema ndogo hiyo bosi. Ndogo kweli, sikatai. A2 ina inchi 23 na ushee kwa urefu, gawa mwenyewe, pikseli kama 55 kwa inchi, wakati printi safi inataka 300! Angeniambia tu itatoka na ukungu. Yeye kaitupia kwenye programu ya AI ikajijazia inavyotaka.

Nimefunua kitambaa, babu kaangalia, kasogea, kaangalia tena, kauliza "Huyu mama ni nani?"

Babu jamani! Ule mwanya wa bibi aliokuwa anausifia kila siku umezibwa, meno yamepangwa kama vigae vya bafuni, mikunjo yote imepigwa pasi, bibi wa miaka 78 katoka mtangazaji wa TV. "Huyu mama ni nani?" Na watu wameshika sahani za pilau kimyaa.

Nampigia simu eti "nimeiboresha". Nani kakutuma umboreshe bibi yangu?? Bora ungeniachia ukungu wake na mwanya wake. HUYU MAMA NI NANI!

Kobe wa Pwani: Pole mkuu ila kosa lako, ungemwambia aliyepiga akutumie kama dokumenti, inakuja nzima.

Mleta uzi: Simu iliyopiga iliibiwa Mbagala. Unadhani sikutafuta?

Mama Ubuyu: Huyohuyo! Mwanangu kamuongezea kidole, cha sita!

Chuma Chakavu: Sasa babu kampenda huyo mama mpya au? 😂😂

Mleta uzi: Toka kwenye uzi wangu.

Dereva Mstaafu: Picha inarudiwa. Fundi nguo kanishonea suti ya send-off mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko.

Kobe wa Pwani: Afadhali nguo, mafundi simu ndo wezi, nimepeleka kioo nikarudishiwa na betri la mtu.

Mama Ubuyu: Kwani kioo cha kopi siku hizi bei gani?

Mleta uzi: Jamani bibi yangu

Dereva Mstaafu: Inategemea na simu. Ni aina gani?