Kama kujijua ndiko kukombolewa, mbona nimeelewa na bado naogopa?

kijana_wa_chumbageni:
Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni. Nina swali linalonikosesha usingizi.

Mimi ni karani katika duka la vipuri vya baiskeli hapa Tanga mjini. Mwenye duka ni Mhindu, na mama yake, bibi mtu mzima sana, hukaa nasi asubuhi nyuma ya meza ya mauzo. Mwaka jana nilipotoka kumzika mama yangu, bibi yule aliniambia, "Mliouzika ni mwili. Yule aliyekuwa ndani hakuzaliwa, basi atakufaje?" Baadaye nikajua maneno hayo yanatoka kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Tangu hapo nasoma kila ninachopata kuhusu Advaita, falsafa ya Shankara inayosema kwamba Atman, nafsi halisi ya mtu, na Brahman, ule uhalisia mmoja ulio nyuma ya vyote, si vitu viwili. Kinachomfunga mtu ni kutojua hilo tu. Akijua, amefunguka.

Haya. Nimeelewa. Naweza hata kumweleza mwenzangu pale kwenye kahawa na akanifuata. Lakini juzijuzi mwanangu alipata homa kali usiku, mwili unamtetemeka, nikambeba mbio kutafuta bodaboda. Hofu niliyokuwa nayo ni ileile ya siku zote, haikupungua hata kidogo. Sasa ama ujuzi huu haukomboi, ama nilicho nacho mimi sicho.

La pili: wanasema matendo hayaleti ukombozi, hata yawe mema vipi. Mbona bibi anawasha taa kila alfajiri na kufunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo?

mtu_wa_ngamiani:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Na mtoto Mungu ampe afya.

Sisi tuliolelewa madrasani tumesikia usemi wa masufi, "Aliyeijua nafsi yake amemjua Mola wake." Wanazuoni wengi wanasema si hadithi sahihi ya Mtume, lakini umeishi vinywani mwa watu karne nyingi. Nakutajia ili uone tofauti, usije ukachanganya. Kwetu mja hubaki mja na Mola hubaki Mola, hata mja ajijue vipi. Hiyo unayoisoma inaufuta mpaka wenyewe. Isome ukijua hivyo.

Bi_Mstaafu:
Marahaba mwanangu, na pole. Huyu wa Ngamiani kasema kweli, na hata miongoni mwetu Wahindu wapo wengi wanaoukataa ufutaji huo wa mpaka.

Mimi nimezaliwa hapahapa Tanga, nyumba ya Wagujarati, nikafundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu. Upanishadi, maandiko yetu ya kale juu ya Nafsi na Brahman, nilisomeshwa na marehemu baba yangu barazani, mstari mmojammoja. Nyumba nyingi za Wahindu wa mwambao huu ni za bhakti, mapenzi kwa Mungu. Wafuasi wa Swaminarayan, kwa mfano, hawakubali kabisa kwamba nafsi na Mungu ni kitu kimoja. Ramanuja, wa karne ya 11 na 12, alimpinga Shankara waziwazi na kwa hoja nzito. Kwa hiyo taa ya bibi huenda haina sababu nyingine zaidi ya kwamba anampenda Mungu wake. Muulize mwenyewe, kwa adabu. Atafurahi.

Sasa Shankara. Hoja yake naipenda kwa sababu imepangwa kama uthibitisho wa hisabati. Anauliza: tendo linaweza kufanya nini? Linazalisha kitu ambacho hakikuwapo, au linakufikisha ulikokuwa hupo, au linageuza kitu, au linakisafisha. Hakuna la tano. Kila kilichozalishwa kina mwanzo, na chenye mwanzo kina mwisho. Ukombozi ukiwa tunda la saumu au sadaka, basi utakwisha kama matunda mengine yote, na huo si ukombozi. Haufikiwi pia kama mji, maana wewe mwenyewe huna umbali na wewe. Kinachobaki ni kimoja: ulikuwapo siku zote, na uliukosa kwa kutoujua tu. Kutojua hakuondolewi na kazi. Huondolewa na kujua.

Walimu wa Vedanta, falsafa ya Upanishadi ambayo Advaita ni tawi lake, wana hadithi ya watu kumi waliovuka mto uliofurika. Walipofika ng'ambo, mmoja akawahesabu wenzake kuona kama wote wamepona. Akapata tisa. Wa pili naye akahesabu, tisa. Kila mmoja alisahau kujihesabu. Wakakaa ukingoni wakimlilia mwenzao aliyezama. Mpita njia akawauliza kulikoni, akawatazama, akamwambia yule mhesabuji: "Wewe ndiye wa kumi." Tazama, mwanangu: kilio kilikuwa cha kweli na machozi ya kweli. Lakini hata wangekimbia ukingoni usiku kucha, hata wangepiga mbizi, wasingempata wa kumi kwa njia hiyo.

Na hapa ndipo swali lako la kwanza linapojibika. Vidyaranya, mwalimu wa karne ya 14, aliipasua hadithi hii hatua kwa hatua. Alisema kuna ujuzi wa aina mbili. Mpita njia akisema "wa kumi yupo hai" nawe ukamwamini, huo ni ujuzi, tena wa kweli, lakini wa mbali. Hofu inapungua kidogo, kilio hakijakatika. Ni pale unapoona kwamba wa kumi ni wewe ndipo kilio kinakosa pa kushikilia. Ulicho nacho sasa ni kile cha kwanza. Usikidharau, hakuna anayefika cha pili bila kukipitia.

Kutoka kimoja kwenda kingine, njia imeandikwa kwenye Brihadaranyaka Upanishadi. Mwenye hekima Yajnavalkya anataka kuondoka nyumbani, anawagawia wake zake wawili mali. Mmoja wao, Maitreyi, anamuuliza kama dunia nzima ikijaa mali na yote ikawa yake, atakuwa hafi? La, anajibiwa. Basi yanini, anasema, nifundishe unachokijua. (Mwanamke huyu nampenda kuliko watu wote waliomo kwenye vitabu vile.) Akafundishwa kwamba Nafsi ni ya kusikiwa, kutafakariwa, na kuzamiwa. Kusikia umesikia. Kutafakari ndiko kubishana nayo mpaka shaka zikwishe, kama unavyofanya hapa. La tatu linachukua umri.

Taa na saumu, kwa Shankara, zina kazi hapo: hazizai ujuzi, ila zinatuliza moyo uweze kuupokea. Yeye mwenyewe anadai mwanafunzi awe na uwezo wa kupambanua cha kudumu na cha kupita, asiwe mtumwa wa matamanio, awe na utulivu na subira, na awe na kiu ya kufunguka.

Kuhusu usiku ule wa homa, Upanishadi hiyohiyo inasema hofu huzaliwa na kuwapo kwa wa pili. Lakini usije ukaisoma kana kwamba inakuambia usikimbie na mtoto. Aliyekombolewa angali hai huona njaa, huumwa, na humbeba mtoto hospitali. Wewe jiulize hili tu: hofu ile uliiona ikija, ukaiona ikipungua mtoto alipotulia. Aliyeiona ikija na kuondoka, yeye alikuja na kuondoka?

dada_wa_Pongwe:
Bi mkubwa, shikamoo. Nimefuata kwa moyo wote, lakini kuna jambo linanichoma. Kama Nafsi ni moja kwa mfalme na mfagiaji, matabaka ya kuzaliwa yalitoka wapi? Na Shankara aliyasemaje?

Bi_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Umegusa kidonda, na sitakifunika. Katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, kitabu cha msingi cha Vedanta, Shankara aliandika kwamba Shudra, mtu wa tabaka la chini, hana ruhusa ya kusoma Veda, maandiko yetu makongwe. Papo hapo akakiri kwamba tenzi kuu na Purana, vitabu vya visa vya kale, ziko wazi kwa wote, na kwamba Vidura wa kwenye tenzi hizo, mwana wa mjakazi, alikuwa na ujuzi huu. Mimi naona hoja yake mwenyewe ilimshinda. Aliyeandika kwamba tabaka ni la mwili na wewe si mwili, hana tena mlango wa kumfungia mtu. Vivekananda, mwana-Advaita wa karne ya 19, alililaani vikali suala la kuwaita watu najisi, na aliitumia Advaita hiyohiyo kama silaha. Niko upande wake.

kijana_wa_chumbageni:
Ahsante sana Bi mkubwa. Swali lile la mwisho nimelijaribu leo dukani, nikashindwa kulijibu, na sijalikimbia. Je, lazima niwe na mwalimu? Hapa nilipo ninasoma kwenye simu tu.

Bi_Mstaafu:
Mapokeo yanasema ndiyo. Mundaka Upanishadi inamtuma mtafutaji kwa mwalimu aliyeyajua maandiko na aliyesimama imara ndani ya Brahman, yote mawili, si moja. Alikuwapo Ramana Maharshi, mwenye hekima wa India, ambaye mwaka 1896, kijana wa miaka 16 mjini Madurai, aliingiwa na hofu ya kifo, akalala chini kama maiti akachunguza ni nini hasa kinachokufa. Hakuwa na mwalimu wa kibinadamu. Lakini usipange maisha yako kwa kumtegemea mtu wa namna ile, ni nadra mno.

Acha kwanza vipande vya kwenye simu. Tafuta Katha Upanishadi, ni fupi. Kijana Nachiketa anamuuliza Yama, mungu wa mauti, mtu akifa yupo au hayupo, na Yama anajaribu kumhonga kwa ng'ombe, dhahabu na umri mrefu ili aache kuuliza. Soma polepole, kipande kwa siku. Kwenye hongo zile simama uzihesabu, uandike ipi kati yake ungeipokea wewe. Kisha rudi humu utueleze, tuendelee kutoka hapo.