Hivi waliotengeneza programu hii ya mauzo wamewahi kumtafuta mteja wakiwa ndani ya fomu ya oda?

Ndugu wanajamvi,

Nina hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, kwa sababu nimechoka kujibiwa na watoa huduma wetu kwamba "wafanyakazi wenu wanahitaji mafunzo zaidi". Sisi ni wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wateja wetu wako mikoani. Tunatumia programu ya usimamizi wa mauzo ambayo tunailipia leseni ya kila mtumiaji kila mwezi, tena kwa dola. Jina lake silitaji kwa kuwa mkataba bado haujaisha na sitaki kuwapa kisingizio.

Ukiwa kwenye ukurasa mkuu wa wateja, utafutaji hauna shida kubwa. Andika jina la pili la mtu, namba yake ya simu, TIN (namba ya mlipakodi) au mji anakotoka, na rekodi yake itajitokeza. Fungua sasa fomu ya oda, ufike kwenye sehemu ya mteja, ambayo usipoijaza huwezi kusogea hatua nyingine, uone maajabu. Hapo programu inasoma jina peke yake, na jina lenyewe inalisoma kuanzia herufi ya kwanza tu. Mteja aliyesajiliwa kama "Hassan Juma" ukimtafuta kwa kuandika "Juma" unaambiwa hakuna rekodi iliyopatikana, na chini ya ujumbe huo, kwa rangi ya kijani inayovutia macho, kipo kitufe cha "Ongeza mteja mpya". Yaani programu inamficha mteja aliyemo, kisha papo hapo inakukaribisha umsajili upya.

Muuzaji aliye kaunta, huku dereva wa lori anapiga honi nje na mteja anauliza mbona risiti haitoki, atafanya nini? Akitoka kwenye fomu kwenda ukurasa mkuu kuangalia jina limeandikwaje, alichokwisha kujaza kinafutika. Kwa hiyo anabonyeza cha kijani.

Wanaosema tatizo ni nidhamu ya wafanyakazi hawajui majina ya wateja wetu yalivyo. Mteja anajulikana dukani kama Mama Asha, lakini cheti chake cha TIN kina jina lake la kuzaliwa, ambalo hata muuzaji aliyemhudumia kwa miaka hajawahi kulisikia. Ukiandika "Mama" kwenye sehemu ile unaletewa majina kumi ya kwanza, orodha inakomea hapo, haishuki zaidi, na kila mstari unaonyesha jina tupu, bila mji wala simu. Mama Asha wa Ifakara na Mama Asha wa Kibaha utawatofautishaje? Halafu kuna tahajia. Bara wengi huandika Hamisi, Zanzibar wengi huandika Khamis, na Mohamed ana namna za kuandikwa ambazo sitazimaliza hapa. Mtaalamu wao mmoja alituambia kwa kujiamini kwamba mfumo una uwezo wa kulinganisha majina kwa sauti, kwa mbinu ya Soundex. Mbinu hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, na huihifadhi herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo. Maana yake Hamisi anabaki kwenye H na Khamis kwenye K, na hawatakutana hata siku moja. Hilo angeligundua kama angejaribu majina mawili tu ya nchi hii kabla ya kutuandikia.

Na ile alama ya juu kama iliyomo kwenye neno ng'ombe! Jina kama Nyang'oro likichapwa kwenye kompyuta ya ofisini linaingia na alama iliyonyooka. Likichapwa kwenye baadhi ya simu, au likinakiliwa kutoka kwenye faili la Word, linaingia na alama iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni jina moja. Kwa programu hii ni watu wawili, na ukimtafuta mmoja hutampata mwingine.

Namba ya simu ndiyo ingetuokoa, maana mteja anaweza kuwa na majina matatu lakini simu yake anaikumbuka. Hiyo nayo ndani ya fomu haitafutiki kabisa. Hata kwenye ukurasa mkuu, mtu aliyeingizwa kwa kuanzia 0 hapatikani ukianza na +255, na wale tuliowaleta kutoka Excel wamepoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu Excel iliwachukulia kama tarakimu za kujumlisha. Dawa yake si elimu ya roketi: ondoa nafasi na alama, linganisha tarakimu tisa za mwisho, basi.

Hasara yake ni fedha halisi. Mteja mmoja anapokuwa na rekodi mbili, deni lake linagawanyika. Ukomo wake wa mkopo tumeuweka kwenye rekodi ya kwanza. Rekodi ya pili, iliyozaliwa kaunta kwa haraka, haina deni lolote, kwa hiyo programu inamruhusu achukue nondo na mabati mengine kwa mkopo wakati mzigo wa awali hajaulipa. Mhasibu anakuja kuligundua mwisho wa mwezi, mzigo umeshafika Mahenge. Aidha, rekodi ya haraka huwa haina TIN, hivyo risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inatoka bila TIN ya mnunuzi, na mteja aliyesajiliwa VAT anaturudishia akidai haimsaidii kwenye hesabu zake za kodi. Ana haki kabisa.

Upande wa bidhaa ni ugonjwa ule ule. Bati limesajiliwa kwa kuanza na neno "Bati", muuzaji anaandika "geji 28" kama anavyoongea na kila mteja, anajibiwa hakuna.

Tulipolalamika kwa maandishi, jibu la kwanza lilikuwa hilo la mafunzo. La pili lilisema kutafuta katikati ya jina kutaifanya kanzidata iwe nzito. Hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia, maana hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba faharasa ya kawaida ya kanzidata, yaani orodha inayoisaidia kupata rekodi haraka, husaidia pale unapoanzia mwanzo wa neno, na ukianzia katikati inalazimika kupitia rekodi zote. Lakini suluhisho lake ni la zamani: PostgreSQL, programu ya kanzidata ambayo ni ya bure, tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 inaweza kutumia faharasa inayokata maneno katika vipande vya herufi tatu tatu, na utafutaji wa katikati ya neno ukaenda haraka. Na kama uzito ndio sababu, mbona ukurasa wao mkuu unatafuta kila kitu kwenye kanzidata hiyo hiyo na haujaanguka? Jibu la tatu lilikuwa kwamba uwezo huo unapatikana kwenye kifurushi cha juu, chenye bei karibu mara mbili. Kwa hiyo inawezekana! Kilichokosekana ni sisi kuongeza pesa.

Tunachodai ni kidogo. Sehemu ya mteja ndani ya fomu itafute kwa jina lolote kati ya majina yake, kwa simu na kwa TIN, kama ukurasa mkuu unavyofanya. Kila mstari wa majibu uonyeshe mji na tarakimu za mwisho za simu. Kitufe cha kuongeza mteja mpya kisijitokeze kabla mfumo haujalinganisha simu na TIN na zilizopo. Na muuzaji akitoka kwenye fomu, akirudi akute alichojaza.

Mkataba wetu unaisha mwishoni mwa mwaka na hatutauhuisha kwa hali hii. Mwenye programu inayomtafuta mteja kwa simu ndani ya fomu ya oda, na ambaye ameijaribu kwa wateja halisi badala ya kuonyeshwa na muuza programu, naomba aitaje hapa pamoja na gharama yake, na aseme kama inatoa data zote kwa Excel siku ukitaka kuondoka.